Mama wa Dirishani

Keki ilifika kabla ya wageni. Wahudumu waliishusha garini kwa uangalifu, wakaiweka kwenye kitoroli, wakaisukuma hadi kwenye lifti iliyo nyuma ya jiko, na muda si muda ikawa ghorofani, haina hata ufa. Mama wa bibi harusi aliitazama ikipanda. Yeye alikuwa uani, kwenye kiti chake cha magurudumu, amevaa gauni la zambarau alilojishonea. Ni fundi cherehani, na hata gauni jeupe la binti yake lilitoka mikononi mwake.

"Na mimi nipandie hapo," alimwambia meneja wa ukumbi.

"Mama yangu, hiyo ni ya chakula na vyombo," meneja alisema. Alikuwa mtu wa adabu, suti imemkaa, tabasamu haliishi. "Mtu haruhusiwi. Lakini usijali, vijana wa kukubeba wapo. Tumejipanga."

Walipokuja kukodi ukumbi, binti aliuliza kama mama yake ataweza kufika juu, akajibiwa kwamba pale hajawahi kuachwa mgeni nje. Juu ya mlango iliandikwa kwa herufi za dhahabu: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kumbe mpango wenyewe ulikuwa vijana. Mama alishabebwa mara moja, kwenye sherehe ya jirani. Walimpandisha kama gunia, gauni likakwama mapajani mbele ya watu wazima wenzake. Tangu siku hiyo aliapa habebwi tena akiwa hai.

"Wifi, fumba macho tu, ni dakika mbili," shangazi wa bibi harusi alimsihi.

"Niyafumbe mimi. Na wao watayafumba?"

Baba wa bibi harusi alishafariki, kwa hiyo maneno ya mzazi yalikuwa ya mama peke yake. Alikuwa ameyatunga akiwa cherehanini, mafupi, na hakumwambia mtu, maana alitaka binti ayasikie kwanza siku yenyewe.

Mshereheshaji alipoita wazazi, kiti kiliacha ardhi, hakuna aliyekishika. Kilipanda taratibu, kikayapita mabomba ya maji machafu na kiyoyozi kinachodondosha maji, kikatulia usawa wa dirisha kubwa la ukumbi. Shangazi alishika njia ya ngazi, akinung'unika kwamba angejua asingevaa viatu virefu. Juu, mhudumu aliyekuwa akipanga glasi alimwona mama nje ya kioo, akamwinamishia kichwa kwa heshima, kisha akaenda kumuuliza meneja kama mgeni huyo amehesabiwa kwenye sahani.

"Fungueni dirisha," bibi harusi alisema.

Madirisha ya ukumbi ule hayafunguki. Yalizibwa kwa gundi vilipowekwa viyoyozi, meneja alieleza kwa masikitiko ya kweli, na kioo chenyewe kiliagizwa kinene ili kelele za nje zisiwasumbue wageni. Mshereheshaji, ambaye alikuwa na ratiba yake na haruki kitu, alitangaza, "Sasa tumsikilize mzazi." Watu waligeukia dirisha, wakanyamaza.

Mama alisema. Midomo ilicheza, kioo kikaingia ukungu mbele ya kinywa chake, akaufuta kwa kiganja, akaendelea. Ndani vilisikika viyoyozi tu. Alipomaliza walimpigia makofi, na wengine walifuta machozi.

Bibi harusi alikunja gauni lake mkononi, akashuka ngazi zote hadi uani. Chini ya kiti aliona magurudumu, na soli za viatu vya mama yake.

"Mama, shuka. Niambie mimi."

Jenereta lilikuwa linanguruma pale pale. Mama hakusikia. Alikuwa ameubandika uso kiooni, anamtafuta mwanawe humo ndani alimokuwa ametoka. Iliuma, na hapakuwa na la kufanya. Shangazi alikuja kumchukua bibi harusi, kwa kuwa keki ilikuwa inasubiri. Kiti kilishuka wageni walipokwisha kuondoka.

Siku kadhaa baadaye binti alirudi ukumbini kuchukua vyombo walivyosahau. Mwisho wa ngazi, ukutani, alikuta picha kubwa ya mama yake dirishani, mdomo wazi. Chini yake iliandikwa: Ukumbi wa Watu Wote. Meneja alimwambia wateja wameipenda mno, na kwamba sasa dirisha lile linafutwa na upande wa nje, maana Jumamosi anatarajiwa babu mmoja wa magongo. Nyuma ya jiko, lifti ilikuwa inapandisha kreti za soda.

Binti alisimama pale akijaribu kuusoma ule mdomo, hakuambulia kitu. Akaenda kwa mama yake, akamkuta anapinda pindo la sare ya mtoto wa watu.

"Mama, ulisema nini siku ile?"

Mama alikata uzi kwa meno, akalikung'uta pindo.

"Yalikuwa ya siku ile, mwanangu," alisema. "Bandika chai."