Daftari Safi la Sabuni

Msajili wa chuo cha uhasibu alifunua kurasa tatu, nne, akarudia ule wa kwanza, kisha akalisogeza daftari karibu na pua kama mtu anayekagua samaki sokoni.

"Hukukosea hata mara moja?"

Binti aliyekaa mbele yake akatabasamu. Alidhani anasifiwa.

Kinuni alikofanyia kazi walimwita Sabuni, na jina hilo alilipata kihalali. Kinu cha kusaga unga hakina mtu msafi. Wapakiaji ni weupe mpaka kope, mafundi ni weupe, na paka wa ghalani alizaliwa mweusi ila siku hizi hakuna anayethubutu kuapa. Sabuni peke yake aliingia asubuhi kama aliyepigwa pasi akiwa ndani ya nguo, na jioni akatoka hivyo hivyo. Wapakiaji walimpisha mlangoni wakisema, "Mpisheni, asije akatuosha."

"Sikukosea, mama," alijibu. "Yaani, nilikosea, lakini hapa nimeandika vizuri."

Msajili akavua miwani. "Muhuri wa kinu nauona kila ukurasa. Saini ya mhasibu wako iko wapi?"

"Iko kwenye lile la zamani. Hili ni nakala. Lile lilikuwa limechakaa, limejaa mikato."

"Basi niletee hilo lililojaa mikato. Hata kama limemwagikiwa chai. Tunafunga usajili Ijumaa saa sita mchana, bibie. Siyo saa sita na dakika moja."

Sabuni akaitikia, "Sawa, mama," kwa sauti iliyotoka kama ya mtu mwingine. Lile la zamani alikuwa amempa mama yake wiki tatu zilizopita. Na mama yake aliuza karanga.

Milango ya kuingilia uhasibu aliijua kama njia ya kwenda chooni kwao. Upo wa wenye cheti cha sekondari: ufaulu masomo matano, hesabu na lugha zikiwemo, uanze ngazi ya chini na kupanda. Upo wa wenye shahada, hao huingilia katikati na kusamehewa baadhi ya mitihani. Sabuni cheti alikuwa nacho, ila hesabu ilimwangusha mara mbili. Ajabu ni kwamba ghalani alijumlisha magunia kichwani kabla mpakiaji hajafuta jasho. Lakini umwekee hesabu hiyo hiyo kwenye karatasi ya mtihani, saa iko ukutani na msimamizi anapita na viatu vya kelele, kichwa kilivuja kama ndoo ya chuma iliyooza kitako.

Ukabaki mlango wa tatu, mwembamba: wiki mia moja na nne kazini chini ya mhasibu aliyesajiliwa, kila wiki ukurasa mmoja wa kueleza ulichofanya, na mhasibu huyo atie saini chini yake. Wiki hizo alizimaliza. Mhasibu wake, Mzee Wino, alitia saini zote mia moja na nne kwa kalamu ya bluu na uso wa mtu aliyelamba ndimu. Halafu, akiwa kwenye likizo yake ya mwisho kabla ya kustaafu, akapigwa na kiharusi. Mwenye kinu akamwita Sabuni na kumwambia mambo mawili tu: kiti cha Mzee Wino ni chako ukileta barua ya chuo, na usipoileta, mwezi ukiisha nitaajiri mwenye barua.

Ndiyo maana alinakili. Alilitazama daftari lake, kila ukurasa una mkato hapa na mkato pale na unga umeganda kwenye mishono, akaona aibu. Watasema, ndiyo maana hesabu ilimshinda. Akanunua daftari jipya na rula, akaandika siku tisa bila makosa, akapiga mihuri ya ofisi. Lile chakavu akampa mama yake. "Chukua, Mama, halina kazi tena."

Sasa akasimama mbele ya meza ya karanga.

"Mama, lile daftari."

"Lipi?"

"La kufungia."

Mama yake alimtazama, akaona kitu usoni mwa mwanawe, mikono yake ikaacha kusokota karatasi. "Uliniambia halina kazi."

"Nilikuambia."

"Karatasi yake nzuri, nzito. Watu wameisifu." Akavuta debe kutoka chini ya meza, akatoa jalada na kurasa zilizobaki. Wakazihesabu pamoja. Tisa. Mama akazihesabu tena peke yake, polepole, kana kwamba zingemwonea huruma na kuongezeka. "Mwanangu, nimeiuza kazi yako kwa watu na karanga ndani yake."

"Nilikupa mwenyewe."

"Ungesema ina saini za watu!"

"Mama, nilikupa mwenyewe."

Kesho yake mama huyo, ambaye goti lake moja lilikuwa limeshatangaza mgomo, alizunguka kwa wateja wake wote. Wengi walimcheka. Karatasi ya karanga ya mwezi uliopita, nani anaitunza? Fundi viatu tu ndiye aliyekuwa nazo mbili. Moja alikuwa ameikunja chini ya mguu wa benchi lake lililokuwa likiyumba, nyingine ameandika nyuma yake saizi za viatu vya wateja.

"Chukua, dada yangu," alisema akiinyoosha ile ya benchi kwenye paja. "Nitayumba tu. Kwani nilianza leo?"

Kumi na moja.

Jumatano alasiri Sabuni alikwenda kwa Mzee Wino. Alibeba daftari safi na, ndani ya mkoba, kidau cha wino cha ofisini. Alijiambia amekibeba kwa bahati mbaya. Hatumsemi.

Mke wa mzee alimpokea na kumwingiza chumbani. Mzee alikuwa amekaa kitini karibu na dirisha, mkono wa kulia umelazwa juu ya mto kama kitu cha mgeni alichoombwa kukitunza. Mdomo ulikuwa umevutwa upande, lakini macho yalikuwa yale yale ya kutafuta kosa.

"Shikamoo, mzee."

"Mara... haba."

Alimweleza yote, hakuficha hata karanga. Akamfungulia daftari jipya magotini. "Mzee, ukiweza kutia saini kwa mkono wa kushoto. Ni mambo yale yale. Sijaongeza neno."

Mzee akafunua kwa kidole cha kushoto, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka wiki ya thelathini na moja. Hapo akasimama. Palikuwa pameandikwa kwa wino safi: magunia 68 yamepokelewa.

"Ya... themanini na sita," alisema. "Iko wapi?"

Sabuni akainamisha kichwa. Wiki ile aliandika themanini na sita badala ya sitini na nane, leja ikagoma kulingana na ghala, wakatafuta siku tatu. Siku ya tatu Mzee Wino akamuuliza tofauti ni ngapi. Kumi na nane. Inagawanyika kwa tisa? Inagawanyika. Basi acha kutafuta mwizi, tafuta tarakimu ulizozigeuza. Akaziona palepale, akachukua kifutio, na mzee akamkamata mkono. Kosa halifutwi. Linakatwa mstari mmoja, lisomeke, sahihi iandikwe juu yake, na mkosaji aweke herufi zake pembeni. Wapakiaji walicheka wiki nzima. "Magunia kumi na nane Sabuni kayaosha yakayeyuka."

"Niliona haya, mzee."

Mzee akalisukuma daftari. Lilichukua muda neno kutoka. "Humu... hukujifunza kitu." Akafumba macho, na baada ya dakika chache akawa anapumua kwa usingizi mzito wa wagonjwa.

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni. Akaja karibu, akanong'ona, "Mwanangu, hata dole gumba linakubalika kwa asiyeweza kuandika. Mshike tu. Anakupenda huyu, ila kichwa chake ni jiwe la kinu. Mimi naenda kutazama chungu changu jikoni."

Akatoka. Sabuni akafungua mkoba. Akafungua kidau. Akauinua ule mkono wa kulia, na uzito wake ukamshtua. Mkono uliomkamata siku ya kifutio sasa ulikuwa laini na baridi kama unga uliolala nje, na ungekwenda popote atakapoupeleka. Mara mia moja na nne tu. Ungemfungulia mlango wa tatu, ungempa kiti, ungemnyamazisha mwenye kinu.

Aliushika hivyo muda mrefu. Kisha akaurudisha juu ya mto, akanyoosha vidole kimoja kimoja, akafunga kidau. Jikoni alimkuta mke wa mzee ameketi tu, hakuna chungu motoni.

"Amelala," Sabuni alisema.

"Najua."

Yule mama akamsindikiza mpaka nje.

Ijumaa saa tano na nusu alikuwa mbele ya msajili. Aliweka kurasa kumi na moja mezani. Zilikuwa na mafuta na chumvi, mmoja ulikuwa na alama ya mguu wa benchi. Msajili alizisoma zote bila haraka. Kwenye mmoja palikuwa na mikato mitatu, na pembeni Mzee Wino ameandika: Tazama tena.

"Na namba hizi za nyuma?"

"Saizi za viatu vya watu, mama."

Msajili hakucheka, ila alichelewa kidogo kufunua. "Na kurasa nyingine?"

"Zimefungiwa karanga. Nilizitoa mwenyewe."

"Mhasibu wako hawezi kuthibitisha?"

"Hawezi kuandika. Na nakala hataki kuitia saini. Nilikuwa na nafasi ya kumchukua alama ya dole gumba akiwa amelala, sikuichukua. Nimeona nikwambie na hilo."

Msajili akachukua fomu. "Nakuandikia wiki kumi na moja. Tisini na tatu sizioni, na nisichokiona siandiki. Utazifanya upya, chini ya mhasibu mwingine. Kama huna subira, rudia mtihani wa hesabu, mlango ule bado upo."

"Sina barua, basi?"

"Huna barua. Una wiki kumi na moja."

Mwenye kinu alitimiza neno lake. Mwezi ulipoisha kiti cha Mzee Wino kilikaliwa na kijana mmoja aliyesajiliwa, mwenye viatu vya kelele kama vya msimamizi wa mtihani. Sabuni alirudishwa ghalani kuwa karani wa mizani. Huko unga haukumwogopa mtu. Siku ya kwanza wapakiaji walimwona kope zake zimekuwa nyeupe, wakafungua midomo wamtanie, halafu wakaifunga. Mmoja tu alimsogezea kiti. Mwisho wa wiki alipeleka ukurasa kwa mhasibu mpya. Ulikuwa na mkato mmoja, na herufi zake pembeni. Kijana akausoma, akatia saini.

Jioni hiyo alifika mezani kwa mama yake kabla karanga hazijaisha, akaweka daftari safi mbele yake, na mistari yake myekundu ya rula kila ukurasa.

"Hili funga."

Mama hakuligusa. "Una hakika?"

"Ndiyo, Mama."

"Siku ile pia ulisema hivyo hivyo."

"Hili kweli halina kazi."

Mama yake akafuta mikono kwenye kanga, akamsukumia kalamu. "Niandikie. Hapo kwenye jalada. Na utie saini."

Sabuni akaandika, akatia saini, tena na tarehe. Mama akaisoma mara mbili, ndipo akachana ukurasa wa kwanza.