Taa ya Masolwa

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na saba Septemba 1974, Masolwa alipong'oa mlango wa nyumba yake huko porini Goweko na kujitwika kichwani. Ulikuwa mlango wa mninga. Kila aliyehamia kijiji cha ujamaa alihama na mlango wake, maana kule serikali ilikuwa imeandaa vigingi tu. Mkewe, Paskazia, alikuwa na homa.

"Lala. Nautua mlango, narudi na baiskeli nikuchukue."

"Usikawie," Paskazia akasema. "Upepo unaingia."

Amri ilikuwa nyepesi: nyumba isiyo na mlango imeshahamwa, ichomwe. Mgambo wakafika, wakaona hakuna mlango, wakachoma. Masolwa alirudi na baiskeli ya kuazima akaikuta nyumba imekwisha.

"Hatukujua," alisema Raymundi, mwenyekiti wa kijiji. Wakubwa ndivyo walivyo. Wanajua una mbuzi wangapi. Nani kalala ndani hawajui.

Tangu hapo Masolwa hakulala. Akisikia kiberiti kinakwaruzwa, anaruka dirishani. Mwaka uliofuata zahanati ikaletewa mashine: nyaya mbili za kubandikwa kichwani, na globu moja.

"Kichwa kikichemka, inawaka," Nesi Kuluthumu alimweleza. "Kikitulia, inafifia. Wewe itazame, mzee, ujifunze kuizima mwenyewe. Halafu tunaongea, kidogo kidogo, siku ile ilikuwaje. Mashine peke yake haitoshi."

Betri zilikufa wiki ya kwanza. Globu ikaendelea kuwaka, kwa hiyo nesi akaacha kununua betri.

Ndani ya globu alikuwemo Paskazia, mdogo kama punje ya mchele, amekaa kitandani, anatazama pale palipokuwa na mlango. Masolwa alimsalimu. Akaongea na nesi, akatazama, akashusha pumzi. Mwezi haukuisha, mwanga ukawa hafifu kama kaa linalozimika. Masolwa akaanza kulala mpaka jogoo. Paskazia naye akajinyoosha, akavuta shuka.

Jioni moja Raymundi alipita akaona mwanga dirishani mwa zahanati. Kijiji hakikuwa na umeme.

"Kijiji kizima kiko gizani," akasema, "na nyie mmekaa humu mnazima taa?"

"Anapona, mwenyekiti," nesi akasema.

"Atapona baadaye. Mgeni wa mkoa anakuja."

Wakavuta waya mpaka ofisini, darasa la kisomo na mashine ya kusaga. Masolwa akawekwa stoo ya ofisi, kwenye kiti chenye mikono, nyaya zile mbili kichwani. Kuluthumu akapewa uhamisho kwenda Puge. Mwanga ukilegea, Raymundi aliingia stoo, akawasha kishungi cha nyasi karibu na pua ya Masolwa, akamwambia kwa upole, kama anayemkumbusha mtu dawa, "Mzee, Paskazia anakuita." Kijiji kikawaka.

Kila globu ilikuwa na Paskazia wake. Watu wazima walijifunza kusoma chini yake. Walilalamikia jambo moja tu, kwamba anakohoa sana wakati wa hesabu.

Mgeni wa mkoa alipofika, alifurahi sana. "Ujamaa ndio huu," alisema. "Kila mtu atoe alichonacho." Akapelekwa stoo akamshike mkono mwenye taa.

"Shikamoo mzee. Una shida yoyote?"

"Marahaba. Shida sina, ndugu. Nina swali."

"Fupi, mzee," Raymundi akasema.

"Mlango niling'oa mwenyewe, sawa. Lakini hata nyumba ambayo haina mlango..." Globu zikang'aa mpaka mgeni akafunika macho, na watu huko nje wakapiga makofi. Raymundi akamnong'oneza fundi aongeze waya, ufike kwenye mabani ya kukaushia tumbaku.

Masolwa akangoja makofi yaishe. Katika kila globu, Paskazia akaacha kukohoa, akageuza sikio.

"Siku ile, kabla ya kuwasha, kuna aliyepiga hodi?"