Skonzi Zenye Kahawa Ndani

Tangu Josia azikwe, wanawake wa jumuiya ya Kagondo walimpenda mjane wake, Kokugonza, kwa mbali, kama watu wanavyompenda mbwa mkali. Walikuja, wakaomba, wakalia, wakaondoka bila kugusa hata maji yake. Josia alikufa kwa ule ugonjwa wa kukondesha ambao wakati huo mtaani uliitwa Juliana, kana kwamba ni shemeji ya mtu, na wote waliamini unaambukizwa kwa sahani. Mwenyekiti wao, Ma Alistidia, alikuwa na jibu moja kwa kila chakula, lenye neno la heshima la Kihaya mwishoni: "Nimefunga, waitu." Kwa unene ule, kufunga kwake kulikuwa siri kati yake na Mungu.

Sasa zamu ya ibada ilirudi kwa Kokugonza, naye akaapa kwamba safari hii lazima mtu ale kwa mkono wake. La sivyo, alijiambia, bora wamzike na yeye wamalize kazi.

Akaamua kuoka skonzi za matunda, alizofundishwa na Damayanti, mke wa mwenye duka, zamani alipokuwa akiwafulia. Unga alipata. Siagi ya kopo alipata. Alipoulizia zabibu kavu, Damayanti alicheka mpaka akashika kaunta. "Tangu vita vya mpakani, zabibu naziona ndotoni tu!"

Nyumbani Kokugonza akapekua jiko zima, macho yakatua kwenye kikapu cha amwani, zile kahawa zilizochemshwa na kukaushwa ambazo Mhaya humpa mgeni atafune. Nyeusi, zimejikunja, zabibu tupu kwa mwenye haraka. Akazimwaga kwenye unga na maganda yake. Akakata kwa mdomo wa glasi, akapanga kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu ya mfuniko.

Baada ya sala sahani ikazunguka, ikarudi ilivyotoka. Mmoja tumbo linamsumbua, mwingine jino.

"Nimefunga, waitu," alisema Ma Alistidia.

Hasira zikampanda Kokugonza. "Funga salama, Ma. Ila ujue humo ndani kuna amwani."

Akamsogezea sahani. Mkate unaweza kuukataa na ukabaki mtu. Kahawa ya mwenye nyumba huikatai. Ukiikataa umemwambia machoni kwamba ni adui yako, au mchawi. Hata Mlutheri wa kipaimara analijua hilo.

Ma Alistidia akachukua skonzi, akajaribu kuichokonoa kahawa kwa ukucha aile peke yake. Ikagoma kutoka. Akatazama darini, akatia yote mdomoni, akatafuna kwa kishindo huku wenzake wakisubiri aanguke.

"Kokugonza!" akasema, akitoa ganda kwenye jino. "Nani alikufundisha kupika? Chini zimeungua, katikati mbichi, sukari hakuna!"

Tangu mazishi kila mtu alimsemesha Kokugonza kwa sauti ya chini, kama anaongea na maiti. Hakuna aliyethubutu kumgombeza. Furaha ikamjaa mpaka machozi yakamtoka.

"Basi acha," akasema, akiivuta sahani.

Ma Alistidia akaishika upande wa pili. "Nimesema ni mbaya. Sijasema uziondoe."