Kilemba Upande wa Chini

Niliinua blanketi nilitazame vizuri kwenye mwanga wa dirisha, na kilemba cha mama kikapanda nalo. Nilidhani kimenasa tu kwenye pini. Nikakivuta. Hakikutoka. Nikaligeuza blanketi, ndipo nilipoona: nimekishona. Kilemba chake cha bluu, kile cha kutokea, kilikuwa kimebaki juu ya meza bila mimi kujua, nami nimekipitishia mishono ya mchana kutwa, kwenda na kurudi. Lo! Nilikaa chini, kwenye sakafu, na glavu zangu za kuoshea vyombo mikononi.

Wa kulaumiwa ni mdomo wangu. Ndio uliosema nitaweza.

Mama alikuwa fundi cherehani tangu kabla sijazaliwa, na mikono yangu aliijua mapema. Nikiwa mdogo alinipa sindano nimshonee kifungo. Akakitazama, akakizungusha, akanibatiza Mkono Mzito. Jina likaganda. Hata nilipokuwa mwalimu wa hesabu na wanafunzi wangu wananiogopa, nyumbani nilikuwa Mkono Mzito, na sindano nilizipisha njia.

Halafu kiharusi kikampiga upande wa kulia. Mguu ukawa wa kukokota, mkono ukabaki unatetemeka hata akilala. Nikamhamishia kwangu. Alikuja na nguo zake na mfuko mmoja mkubwa, na ndani ya mfuko mlikuwa na viraka alivyokuwa ameviunganisha kwa mkono kabla ya kuugua, masalio ya nguo za wateja wa miaka yote: maua, mistari, madoadoa, kipande cha sare ya shule. Ulikuwa ni upande wa juu wa blanketi. Ilibaki kuweka pamba katikati na kitambaa chini, kisha kushona tabaka zote tatu zishikane.

"Vikate viwe matambara ya kudekia," aliniambia wiki ile ile. "Sina kazi navyo tena."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Angegomba, ningelala usingizi. Alikaa chumbani ameuelekea ukuta, na pindo la pazia lilipofumuka mbele ya macho yake aligeuza uso, yeye ambaye zamani alikuwa akimsimamisha mgeni mlangoni ili amshonee mfuko uliochanika. Nilijua siku viraka vile vitakapotumika kudekia jikoni, mama atakuwa amekwisha, hata kama bado anapumua.

"Nitalimaliza mimi," nikasema.

"Wewe?"

"Mimi."

"Mh!" Akarudi kwenye ukuta wake.

Nikanunua cherehani ya kazi hiyo, yenye shingo ndefu ili blanketi zima likikunjwa liweze kupita. Kaka yangu mkubwa akanipigia simu. "Umerukwa na akili? Mwache mama apumzike."

"Anapumzika mpaka anaoza, kaka," nikamjibu, na nikakata kabla sijalia.

Cherehani ya kawaida ina meno madogo chini ya sindano, ndiyo yanayovuta kitambaa. Hii unayashusha meno, kisha kitambaa unakitembeza mwenyewe kwa mikono, kama mtu aliyefungiwa penseli mahali pamoja na kuambiwa aandike kwa kusogeza karatasi. Mguu unakanyaga pedali, mikono inatembea, na wakikosa kuelewana hao wawili, mishono inatoka mirefu kama ya gunia au inarundikana hadi uzi unakatika. Nilifanya mazoezi kwenye mashuka makuukuu. Kitambaa kilipoteleza nikavaa zile glavu. Niliyatukana yale mashuka matusi ambayo mwalimu hapaswi kuyajua.

Siku moja sauti ikatoka chumbani. "Mguu unakimbia, mkono umelala."

Nikapunguza mguu. Mishono ikanyooka.

Kesho yake: "Sindano butu hiyo. Husikii inavyogonga?" Nikabadilisha sindano bila kusema neno. Niliogopa nikishukuru atanyamaza tena.

Ndipo nikajiona fundi, nikaweka blanketi lenyewe, na nikashona kilemba.

Ningeweza kulificha, lakini ningeficha wapi blanketi la ukubwa ule? Nikalibeba begani hadi chumbani. "Mama, nimeharibu."

Alilipapasa kwa mkono wa kushoto, akaligeuza, akakuta ile bluu. Akaitazama. Bega lake likaanza kucheza, nikadhani ni mtetemo umezidi. Kumbe anacheka.

"Mkono Mzito! Siku nyingine utanishona na mimi mwenyewe!"

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikacheka na kulia kwa pamoja, kwa sababu sikuwa nimeisikia sauti ile tangu alipolazwa hospitali. Nikamwambia nitafumua yote.

"Ufumue uvitoboetoboe viraka vyangu? Thubutu! Kilichoning'inia kikate. Kilichoshonwa kibaki." Kisha akanyoosha mkono nimwinue. "Hebu nione hicho kidude chako."

Mguu wake haukuweza pedali. Tukakaa bega kwa bega kwenye benchi moja, mguu wangu chini, mikono yake juu.

"Polepole. Nikisema simama, simama."

Nikakanyaga. Mkono wake wa kulia ukatetemeka, na mstari ukatetemeka nao, ukaenda ukipindapinda kwenye kiraka cha maua. Akasema simama. Akauangalia muda mrefu, nikauona uso wake ukianza kujifunga kama ulivyokuwa chumbani.

"Si unaona," akasema.

"Naona."

"Kazi mbovu."

"Mama, yangu imeshona kilemba."

Akageuka akanitazama. Nilijua hapo hapo kwamba akiinuka kwenye benchi lile hatarudi tena. Pua yake ikatanuka kidogo, kama alivyokuwa akifanya zamani mteja akimletea kitambaa kibaya naye akakikubali.

"Kanyaga," akasema.

Blanketi lile tulilimaliza hivyo, kipande changu, kipande chetu. Alijifunika hilo hilo mpaka mwisho wa maisha yake.

Mwaka jana ukingo wake ulichakaa nikalipeleka kwa fundi, maana kwenye kona ukingo bado unanishinda. Kijana muungwana. Akalitandaza mezani, akakuna kichwa.

"Dada, aliyeshona hapa mkono wake haukuwa sawa. Na huku chini kuna kitambaa kimeingia kwa bahati mbaya. Nafumua, narekebisha, hakuna atakayejua."

"Shona ukingo tu," nikamwambia. "Hapo usiguse."

Nikakataa kiti alichonipa. Nikasimama pale mpaka akamaliza, na kila cherehani yake ilipoanza kulia, mguu wangu ulikanyaga sakafu, polepole, ukisubiri kuambiwa simama.