Biasha na Mtamba Mwenye Chunjua

Wewe umewahi kula peke yako ndani ya nyumba iliyojaa watu? Basi Biasha alikula hivyo tangu mavuno ya mahindi mpaka mwezi wa Shaabani, mwaka ule Wadachi walipokuwa wakiwaita watu wa Rumonge ufukweni mwa ziwa kuwapapasa shingo, wakitafuta malale, ule ugonjwa wa usingizi.

Kisa chake kilikuwa chunjua. Ilianza moja, kando ya ukucha wa kidole gumba, pale mwiba ulipomchoma akipasua samaki wa mukeke. Haukupita muda zikawa kumi na moja, ngumu, zinakwaruza juu kama ukoko wa ugali.

Alijaribu kila alichoambiwa. Majivu. Uzi wa kuzifunga. Maji ya tunda la ndulele, yakaunguza ngozi nzuri na chunjua zikabaki palepale. Hata kwa daktari Mdachi alipanga mstari tangu jua linachomoza. Daktari akampapasa shingo, mikono Biasha aliyomnyooshea hakuitazama. "Hapana malale. Pita!" Akapita.

Lakini kilichomchosha zaidi ni maneno ya kuzungukazunguka. Wifi yake Kadidja, mke wa kaka yake, hakumwambia hata siku moja, "Usiguse." Alisema, "Wifi, umechoka, ngoja nikupakulie." Kibakuli cha mti, sombe kidogo, yale majani ya muhogo, na donge moja la ugali, kando ya mlango. Wenzake wamezunguka sinia moja, mikono inagongana, wanacheka. Biasha akimeza ugali, anameza na jibu.

Sasa ndoa ya Sikuzani, binti wa kaka yake, ilibakiza siku tatu. Kumpaka bi harusi hina ni kazi ya shangazi. Ndivyo walivyofanya mama zao. Biasha alikwisha kutwanga majani na kuyachekecha kwa kitambaa mara mbili. Asubuhi ile akamsikia Kadidja anamwambia jirani, "Hina atapaka yule mama wa kijiji cha Kigwena. Wifi yangu haiko muzima sana."

Alasiri Amuri, baba wa bwana harusi, akashuka kutoka milimani na mtamba mwekundu wa mahari.

"Amahoro!" akawasalimu kwa Kirundi, yaani amani.

Watu wakatoka kutazama. Mtamba mzuri, macho makubwa. Ila shingoni na kuzunguka jicho moja chunjua zimebanana, nyingine kubwa kama chikichi.

"Baba Amuri," Kadidja akacheka, "umetuletea ng'ombe ao fenesi?"

"Mama, usiogope. Hizi zinapata ng'ombe wakiwa vijana. Masika mawili yakipita, zinaanguka zenyewe. Kamba yake tu, musimufungie ng'ombe mwingine, zisimushike."

"Basi tutangoja, haraka ya nini?" Kadidja akamkuna mtamba shingoni, katikati ya zile chunjua kabisa, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyetoka kuoga.

Biasha aliuona mkono ule.

"Kadidja!"

Hakusema wifi. Watu wakageuka.

"Ng'ombe munamungojea masika mawili. Mimi mumeningojea siku ngapi?"

"Wifi, si hivyo, niliona umecho..."

"Sijachoka! Tangu mavuno sijachoka hata siku moja!" Akanyoosha mikono yote miwili, vidole vimetawanyika, kila mtu aone. "Hizi ni chunjua. Zitaje. Kama unaogopa zitakushika, sema unaogopa, nitafunga kitambaa. Hina inapakwa kwa kijiti."

Kadidja akautazama mkono wake mwenyewe, bado umelala juu ya shingo ya mtamba. Akauondoa polepole, asijue pa kuuweka.

Sikuzani alikuwa amesimama mlangoni, palepale Biasha alipozoea kukaa akila. Biasha akamgeukia, sauti imeshuka.

"Nataka kukupaka hina mimi, mwanangu. Mimi shangazi yako. Tangu mwanzo nilitaka hilo tu."