Neno la Kigiriki

Miaka ile shule za watu binafsi zilipoanza kuchipuka Arusha, Mwalimu Reginald alifundisha baiolojia katika mojawapo, ya wasichana pekee, kule Kimandolu. Alipenda maneno ya kisayansi kuliko hata sayansi yenyewe. Kila neno alilichimbua hadi mizizi yake ya Kigiriki au Kilatini, na wazazi walimsikiliza vinywa wazi.

Muhula wa pili, Tekla Sumari wa kidato cha tatu alianguka darasani akitetemeka na kulia. Kesho yake wakaanguka na wenzake wawili. Mkuu wa shule akaita wazazi. Reginald akasimama na koti lake la mitumba lililopigwa pasi, akasema hali ile inaitwa histeria.

"Ndiyo nini, mwalimu?" akauliza mzazi mmoja.

Angeweza kusema ni majonzi yaliyoukaba mwili, maana alijua Tekla alikuwa ametoka kumzika baba yake. Lakini ulimi ulimwasha.

"Neno limetoka kwa Wagiriki. Asili yake ni tumbo la uzazi. Waliamini tumbo hilo likisumbuka, mwanamke huanguka."

Ukumbi ukanyamaza. Watu wakageuka kumtazama Skolastika, mama yake Tekla. Reginald akaketi, akidhani kimya kile ni cha kustaajabia elimu yake.

Wiki haikuisha, habari ikawa imeshapanda mlima hadi Nkoaranga, kijijini kwao Tekla: binti Sumari ana mimba, mwalimu kasema mwenyewe. Tekla akafungasha vitu vyake akarudi nyumbani.

Reginald aliposikia, aliacha chakula mezani. Jumamosi akapanda vijia vya migombani ameinamisha kichwa, akihisi kila anayepishana naye anamjua. Alimkuta Skolastika akichuma kahawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu bila kugeuka.

"Nimekuja kuomba radhi. Sikusema Tekla ana mimba."

"Hukusema. Ulitaja tumbo la uzazi mbele za watu, halafu ukaketi."

"Wagiriki walikosea, mama. Wasomi waliyaacha mawazo hayo zamani, limebaki jina tu."

"Hilo ulilijua siku ile?"

"Nililijua."

"Mbona hukulisema?"

"Nilitaka watu waone nimesoma."

Tekla alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, amesikia yote. Akaingia ndani, akafunga mlango.

"Mimi umeshaniambia," akasema Skolastika. "Kawaambie waliokusikia."

Katika mkutano wa wazazi uliofuata aliwaambia: kwamba msichana alikuwa na msiba, hakuwa na mimba, na kwamba yeye alijigamba kwa neno mpaka akamvunjia mtoto heshima. Wengine walicheka chinichini. Mkuu wa shule alitazama dirishani.

Muhula mpya ulipofunguliwa Tekla alirudi. Alimwamkia mwalimu kila asubuhi, kwa adabu zote, akapita bila kungoja marahaba.