Mzee Ambindwile na Vijana wa Kiingereza

Baba mkwe wangu, mzee Ambindwile, hajawahi kupanda ndege wala kufika mbali kuliko Iringa, lakini vijana wa Kiingereza wanaocheza mpira yeye ndiye aliyekuwa akiwapangia safari. Kila Jumamosi jioni alikwenda kutazama mpira kwenye kibanda umiza cha Lutengano hapa Bulyaga, Tukuyu, akakaa benchi la mbele, na mechi ikiisha aliwahutubia wenzake. Hoja yake ilikuwa moja. Kijana wa Kiingereza akibaki kwao anaozea benchi, kwa sababu timu zao kubwa zimejaa Wabrazili na Wafaransa. Basi na aende Ujerumani, aende Uhispania, acheze kila wiki, na siku akirudi kwao atakuwa mchezaji kamili. Waliosema nyumbani ni nyumbani aliwaita waoga wa baridi.

Najua yote hayo ingawa kibanda kile sijawahi kukikanyaga, kwa sababu mzee akirudi alimhutubia mwanangu. Kwetu Wanyakyusa, kwa wale wanaoshika mila, mke wa mtu hatazamani na baba mkwe wala hasemi naye. Nyumbani kwetu Kiwira mambo hayo yalishaisha, na mchungaji wetu mwenyewe anakula meza moja na wake za wanawe. Lakini mimi niliolewa kwa Ambindwile. Akiingia uani anakohoa, nami najitanda khanga usoni na kukimbilia jikoni au nyuma ya migomba. Kwa miaka yote ya ndoa yangu nilimjua zaidi kwa visigino kuliko kwa uso.

Alipokuwa na la kuniambia, alimwambia Tusekile, binti yangu, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea. "Gwe Tusekile, mwambie mama yako maharage yameungua fijo, yameungua mno." Nami huko jikoni namjibu mtoto, kwa sauti ya kufika uani, kwamba amwambie babu yake kuni alizoleta ni mbichi. Mtoto anatutazama na kunyonya kidole. Tuligombana hivyo na kupatana hivyo, na mara nyingine nilimsikia mzee akicheka peke yake huko nje.

Mzee Ambindwile ana mabinti kadhaa, wote wameolewa, na mtoto wa kiume mmoja tu. Huyo ndiye Amoni, mume wangu. Amoni anacheza winga ya kushoto, na hadi Januari iliyopita alikuwa na timu moja ya Mbeya. Dirisha dogo la usajili lilipofunguliwa alikuja nyumbani na habari mbili kwa mpigo. Timu kubwa ya Dar es Salaam ilikuwa inamtaka, na timu ndogo ya daraja la pili huko Finland nayo ilikuwa inamtaka. Ile ya Dar ilikuwa na mawinga wa kigeni mbele yake, na kocha alimwambia wazi kwamba msimu wa kwanza utakuwa wa kujifunza, maana yake kukaa benchi. Wale wa Finland walimwona kwenye video, winga wao alikuwa ameondoka, na walimtaka aanze nao maandalizi ya ligi. Wakala wake, Godwin, alitaka jibu kabla ya Ijumaa.

Mimi sikuona cha kufikiria hapo. Amoni alisema akishatulia, mwaka mmoja tu, atanichukua mimi na mtoto, na kusema kweli kichwani nilishahama. Nilikuwa napika ndizi huku natazama picha za theluji kwenye simu. Nilikuwa nimechoka kuishi uani kwa watu nikijificha nyuma ya migomba kama mwizi wa kuku. Nilijiona natembea barabarani kichwa wazi, na hakuna mtu wa kunikoholea.

Nilidhani mzee atafurahi kuliko sisi wote. Amoni alimweleza Jumapili baada ya kanisa, nami nilikuwa jikoni nimetega sikio. Mzee akauliza hiyo Finland ni mbali kiasi gani. Alipoambiwa, akasema Amoni aende Dar, kwa sababu Dar ni usiku mmoja kwa basi. Amoni akamkumbusha kwamba Dar hatacheza. Mzee akasema benchi la nchini kwako lina heshima yake.

Heshima ya benchi! Mtu aliyewafukuza kwao Waingereza wote kwa sababu ya benchi. Nilitamani kutoka na upawa mkononi.

Sikuwa peke yangu. Jumanne kulikuwa na mechi za Ulaya, na mama mkwe wangu, Tulinagwe, aliniambia yaliyotokea kibandani. Lutengano alimuuliza mzee mbele ya watu mbona wana wa wenzake anawasafirisha na wa kwake anamfungia zizini. Watu wakacheka sana. Mzee aliondoka kabla ya kipindi cha pili, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu Lutengano anunue televisheni yake.

Aliyeniudhi zaidi ni Amoni. Hakubishana hata kidogo. Alisema, "Sawa, baba," na mambo yakaishia hapo. Huyu ni mtu ambaye kila alfajiri, mvua ikinyesha au isiponyesha, alikuwa anakimbia kupanda barabara ya mlimani na kurudi. Jumatatu hakukimbia. Alibeba kikapu akaenda na mama yake kuchuma chai, na Jumanne hivyohivyo. Jumatano nilimkuta amekaa mlangoni, viatu vyake vya mpira vikiwa na matope ya wiki iliyopita, yeye ambaye huosha viatu kabla ya kujiosha mwenyewe. Nilimuuliza kama amempigia Godwin. Akasema atampigia kesho, amwambie hapana.

Nikamwambia yeye ni mtu mzima, ana mke na mtoto, aamue mwenyewe kama wanaume wengine wanavyoamua.

"Jenifer, huelewi," akasema. "Mimi niko mmoja."

Alilala ameukabili ukuta. Nilimtazama mgongo na kuona mtu wa miaka ishirini na mbili ambaye ameshazeeka tangu Jumapili. Nikaogopa. Niliona jinsi atakavyokwenda Dar kukaa, jinsi atakavyorudi kuchuma chai, na jinsi atakavyomchukia baba yake bila kusema, kisha anichukie na mimi.

Alhamisi mchana Amoni na mama yake walipeleka majani ya chai kwenye mzani. Mvua ilishuka kwa nguvu, ile ya Tukuyu isiyokuwa na haraka ya kwisha, ikamkuta mzee chini ya upenu wa jiko letu akiwa na Tusekile magotini. Hakuweza kuondoka, na mimi ndani nilikuwa namenya ndizi na sikuweza kukimbilia popote. Kati yetu kulikuwa na ukuta wa mabanzi tu.

"Tusekile," nikasema, "muulize babu yako, wale vijana wa Kiingereza hawana baba zao?"

Mvua iliendelea. Nami nikaendelea kumenya.

"Mwambie mama yako baba zao wanapanda ndege asubuhi, mchana wako kwa mtoto. Mtoto naye akiitwa, jioni yuko kwao."

"Mwambie babu kocha wa Dar ameshasema Amoni hatacheza."

"Mwambie mama yako mimi si kiziwi."

Kisha akaanza kumsimulia mtoto habari ambazo si za mtoto. Zilikuwa za mzee Ambwene, jirani yetu tuliyemzika mwaka jana. Nami nilikuwepo msibani, upande wa wanawake. Ambwene naye alikuwa na mtoto wa kiume mmoja, anafanya kazi Afrika Kusini. Walimngoja, wakamngoja, hati zake zikagoma, mwisho wakasema azikwe na kijana ashuhudie kwenye simu. Aliyepewa simu aishike juu ya kaburi alikuwa rafiki wa marehemu, yaani Ambindwile. Kumbe ni yeye. Mimi kwa mbali niliona mkono tu na simu.

"Kijana alikuwa analia humo ndani ya simu," mzee akasema. "Jeneza lilipoanza kushuka, picha ikagoma. Sura ya kijana imekwama, mdomo wazi. Watu wanaimba, mimi nimeshika tu, sijui niishushe au niendelee. Nikaendelea. Udongo wa kwanza, ule wa mtoto wa kiume, Ambwene akatupiwa na watoto wa watu."

Tusekile alicheka, labda kwa sababu babu yake alikuwa anamrusharusha gotini bila kujijua.

"Mwambie mama yako siogopi kufa. Naogopa kushikiwa simu. Mabinti wangu wako kwa waume zao, na wa kiume ninaye mmoja. Nani atanizika?"

Nilikuwa nimejiandaa kupambana na mzee mchoyo, na ghafla sikuwa na mtu wa kupambana naye. Hasira iliniisha, nikabaki nimeshika kisu na ndizi iliyomenywa nusu. Nilimhurumia sana. Na papo hapo nilijua ni kitu gani kingemfanya amwachie Amoni, na nilijua ni mimi peke yangu ninayeweza kukitoa. Sikutaka kukitoa. Nilikaa pale nikitafuta kingine, chochote, na sikukipata.

Nikaweka kisu chini. Nikaishusha khanga mabegani, nikatoka mlangoni na kuja kusimama mbele yake, mvua ikinipiga mgongoni. Uso wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri, na macho yalikuwa mekundu. Aligeuka upande haraka, kama desturi inavyotaka.

"Baba," nikasema. "Nitakuzika mimi."

Taratibu aligeuza uso akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumbani kwake.

"Amoni aende akacheze," nikasema. "Akiweza kuwahi, atawahi. Asipowahi, mimi nipo. Sitatoka hapa ukiwa hai, wala mama akiwa hai. Udongo wa kwanza nitautupa mimi, na hakuna atakayeshika simu."

"Amoni amesema atakuja kukuchukua."

"Amesema."

"Na wewe?"

"Nimeshakwambia, baba."

Alimtazama mtoto, akautazama ua, akanitazama tena. "Ndaga, mwanangu," akasema, na hilo ni neno letu la kushukuru, nalo sijawahi kumsikia akimwambia mwanamke mdogo. "Basi aende."

Nikamwomba jambo moja tu, kwamba Amoni asijue tulichosemezana. Akijua hataenda. Mzee akaitikia kwa kichwa, nami nikarudi jikoni kumalizia ndizi zangu.

Mama mkwe alijua kuna kitu tangu alipoingia na kuniona nimelowa. Hakuuliza tumesema nini, aliuliza tu kama nimesimama mbele ya mzee, na nilipokubali akamkamata tetea wangu mzuri akampelekea mumewe, kwa sababu desturi ikivukwa lazima kitolewe kitu. Tulimla jioni ile. Mezani mzee alimwambia Amoni amebadili mawazo, ampigie Godwin, na Amoni alisimama hadi kigoda kikaanguka. Alimshika baba yake mikono akaibusu. Kisha alinitazama mimi kupitia mlango wa jikoni, anacheka na machozi yanamtoka, na nilimpenda mno wakati ule, hata nikajisahau kwa muda.

Viza ilichukua wiki kadhaa. Siku ya kuondoka tulimsindikiza stendi ya Tukuyu, apande basi dogo la Mbeya halafu aende uwanja wa ndege. Kibanda kizima cha Lutengano kilikuja. Lutengano alimwomba radhi mzee mbele ya wote, akasema kumbe mzee ni mtu wa msimamo, anayosema kwa Waingereza anayafanya kwake. Watu wakampigia makofi. Mzee alitazama viatu vyake.

Amoni alikuwa hatulii. Aliniambia nianze kushughulikia pasipoti yangu na ya mtoto, nisingoje. Alisema huko kuna shule za chekechea nzuri na nitasoma lugha yao bure. Nilikubali kila kitu. Kisha akamgeukia baba yake, akamshika bega.

"Baba, usije ukanikasirikia," akasema. "Januari ijayo nakuja kukunyang'anya hawa wawili."

Mzee aliinua kichwa akanitazama, pale hadharani, mbele za watu, na watu wakashangaa kidogo kuona anamtazama mkwewe. Mimi nikamtazama. Kondakta alikuwa anagonga bati kuwaita abiria. Sitaficha, nilikuwa nangoja. Nilikuwa nimempa neno langu kwa moyo wote na nilikuwa namwomba kwa macho anirudishie. Ilitosha aseme kwamba Januari si mbali, au aseme tu sawa, nami ningeelewa. Niliona amenielewa ninachomwomba.

"Nenda salama, mwanangu," mzee akamwambia Amoni.

Basi likaondoka. Mzee akamchukua Tusekile mikononi mwangu, akaanza kurudi nyumbani taratibu, nami nikamfuata.